Tumeogopa Damu Yetu, Tukasahau Kuuliza Kilichomo Kwenye Boksi

 

Leo sina pishi wala mshono mpya wa kuwaonesha. Leo ni meno. Mwezi huu peke yake nimeulizwa na akina mama watatu suala moja: mtu anataka kupandikizwa jino, dokta anamwambia atamtoa damu mkononi, ataizungusha kwenye mashine, kisha atairejesha kwenye taya ili mfupa upone vizuri. Inafaa? Inasaidia kweli au ni biashara? Na damu si najisi?

Mimi si daktari wala si mufti. Lakini kwenye kile kiti nimekaa, kwa madaktari wawili tofauti, na kwa yule wa kwanza niliondoka na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha. Kwa hiyo nitasema ninavyoona mimi, na mwenye elimu zaidi anirekebishe.

Pengo langu lilikuwa gego la chini, kulia. Lilianza kuuma nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa pili. Shangazi akaniambia kila mtoto huondoka na jino la mamake, nikaamini, nikanyamaza nalo. (Si kweli, jamani. Mtoto hachukui chokaa kwenye meno yako. Ni fizi kuvimba kwa sababu ya homoni, ni kutapika, ni kula kula ovyo, na ni ule mswaki unaokutia kichefuchefu mpaka ukauacha.) Nilipojifungua jino likang'olewa, na nikakaa miaka sita natafuna upande mmoja na kucheka huku nimeziba mdomo kwa mtandio.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia siku ya kung'oa ni kwamba mfupa wa taya ukikosa jino huanza kunywea. Ndani ya mwaka mmoja upana wa mfupa pale penye pengo unaweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Mimi niliwaza ni pengo tu, litaningoja. Halikuningoja. Nilipokwenda kutaka jino la kupandikiza, picha ikaonesha mfupa umekuwa mwembamba kama ukingo wa kisahani, na ile skrubu ya titaniamu inayoshika jino haina pa kukaa. Lazima mfupa ujengwe kwanza. Hapo ndipo yalipoingia maneno ya damu.

Safari ya kwanza nilikwenda na shangazi, maana baba watoto alikuwa hayupo. Dokta alikuwa kijana, mpole, maneno matamu. Akatueleza kwamba atanitoa damu, ataizungusha, na kwamba kwa damu hiyo mfupa utaota kwa kasi mara mbili. Bei yake ilikuwa imeandikwa pembeni: laki mbili na nusu, mbali na gharama ya jino lenyewe.

Shangazi aliposikia damu alivuta buibui lake akakaa vizuri. "Damu irudi mdomoni? Mwanangu, hilo hapana."

Tukabishana nusu saa nzima. Tukampigia simu ustadhi anayewasomesha watoto. Tukabishana tena. Na muda wote huo, juu ya meza, kando ya sindano, palikuwa na viboksi viwili ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyevitupia jicho. Mimi niliviona kwa bahati tu, nilipokuwa napiga picha ile mirija nimtumie dada yangu. Kimoja kilikuwa na unga wa mfupa. Cha pili, cha utando wa kufunikia unga ule, kiliandikwa neno "porcine". Nikalitafuta kwenye simu. Nguruwe.

Nikamuuliza dokta. Akasema ni kolajeni tu, imesafishwa. Kolajeni ya nini? Akanyamaza kidogo, kisha akasema kila mtu anatumia hiyo.

Nikashuka kwenye kiti. Shangazi hakusema neno mpaka tulipofika Darajani.

Sikuondoka kwa sababu dokta yule ni mtu mbaya. Niliondoka kwa sababu alikuwa tayari kunieleza kwa urefu kitu kinachouzwa, na hakuwa tayari kunieleza kwa ufupi kitu kinachowekwa. Na sisi tulimsaidia. Tulitumia woga wetu wote kwenye damu yangu mwenyewe, niliyozaliwa nayo, tukaacha boksi la mgeni lipite bila kuulizwa jina.

Sasa tuje kwenye damu yenyewe, maana ukijua inavyotengenezwa nusu ya hofu inaondoka.

Muuguzi anakufunga mkono, anakutoa damu kwenye mirija kadhaa, kila mmoja karibu mililita 10. Mirija hiyo haina dawa ya kuzuia damu isigande, kwa hiyo inaingia kwenye mashine haraka, kabla damu haijaanza kuganda yenyewe. Njia hii ilianzishwa na Daktari Joseph Choukroun wa Nice, Ufaransa, mwaka 2001, na utaratibu mmoja unaotumika sana ni mizunguko 2,700 kwa dakika, kwa dakika 12. Mrija ukitoka una tabaka tatu. Chini ni nyekundu, juu ni maji ya rangi ya majani makavu, katikati ni donge la manjano. Donge hilo ndilo linalotakiwa. Likibanwa taratibu linakuwa kama kipande cha kitambaa laini. Shangazi alipoliona baadaye alisema ni nyama ya dafu, na kwa kweli sijapata mfano mzuri zaidi ya huo.

Ndani yake mna nyuzi za fibrini, zile zile ambazo mwili hufuma unapojikata kisu jikoni. Katika nyuzi hizo zimenasa chembe sahani, yaani chembe zinazogandisha damu, pamoja na chembe nyeupe. Kazi ya chembe sahani si kuziba jeraha tu. Zimebeba vifuko vya protini ambazo huziita chembe nyingine zije kujenga na huotesha mishipa midogo ya damu. Donge huziachia protini hizo pole pole, kwa wiki moja au zaidi kidogo, kisha linayeyuka na kwisha.

Kabla ya hapo kulikuwa na njia nyingine, ya plazima yenye chembe sahani nyingi, iliyopata umaarufu kwenye upasuaji wa taya baada ya andiko la Robert Marx na wenzake huko Marekani mwaka 1998. Ile ilihitaji dawa ya kuzuia damu isigande, halafu dawa nyingine ya kuigandisha tena, na mara nyingi hiyo ya pili ilitokana na damu ya ng'ombe. Donge la Choukroun halihitaji chochote cha kuongezwa. Ni damu yako na mrija, basi. Ndiyo maana nikitakiwa kuchagua kati ya hizo mbili, sisiti.

Upande wa dini, nieleze nilichokikuta. Ustadhi wetu siku ile alisema kwamba tulichokatazwa ni kula damu inayomwagika, na hapa hakuna anayekula. Inafungiwa ndani ya kidonda, chini ya ufizi, kwa tiba. Baadaye nikasoma kwamba Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1988, lilipitisha kuwa inafaa kuhamisha kiungo kutoka sehemu moja ya mwili wa mtu kwenda sehemu nyingine ya mwili wake huyo huyo, iwapo manufaa yanazidi madhara. Na katika azimio hilo neno kiungo limejumuisha mpaka chembe na damu. Kwa mimi, damu kutoka mkononi kwenda tayani imo humo. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, lakini asiikose tiba kwa sababu ya neno "damu" peke yake.

Boksi ndilo lenye mazungumzo. Na hapa nikastaajabu, kwa sababu wanazuoni wetu walilizungumza zamani sana, kabla hata hakujawa na titaniamu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj yake anaitaja mas'ala ya mtu aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi. Kama alikosa kilicho twahara, ana udhuru. Kama hakukikosa, hana, na anatakiwa akiondoe iwapo haogopi madhara. Sisi wengi wetu visiwani tuko kwenye madhehebu ya Shafi, tena hata ile hoja kwamba nguruwe akishageuzwa kuwa kitu kingine anatwaharika, kwetu si nyepesi kama ilivyo kwa wengine. Kwa hiyo mzigo wote unakaa kwenye neno moja: alikosa. Je, mimi siku ile nilikosa? Hakuna aliyetafuta! Kuna utando wa kolajeni ya ng'ombe. Kuna unga uliotengenezwa kiwandani kwa chumvi za kalsiamu na fosfati, usio na mnyama ndani yake. Kuna mfupa wako mwenyewe, unaochukuliwa nyuma ya taya lako. Na unga wa ng'ombe, ambao hutumika sana, huchomwa na kusafishwa mpaka yakabaki madini tu; nao una maneno yake kwa sababu ng'ombe yule hujui alichinjwa vipi, lakini angalau hilo ni suala unaloweza kulipeleka kwa sheikh ukiwa na jibu la dokta mkononi.

Niseme na hili kabla mtu hajaanza kulia usiku. Kama uliwekewa zamani na hukujua, usiende kutaka kufumuliwa taya. Utando wa aina ile huyeyuka mwilini baada ya miezi, na yaliyofanyika bila ya wewe kuambiwa si dhambi uliyoichagua. Tunachozungumza ni safari ijayo.

Haya, na je, damu inasaidia? Hapa ndipo nataka mnisikilize, hasa mnaoambiwa mara mbili ya kasi.

Inasaidia, ila si pale unapodhaniwa. Kilicho wazi zaidi katika tafiti ni ufizi. Kidonda hufunga vizuri, maumivu na uvimbe hupungua. Baada ya kung'oa magego ya mwisho ya chini, wale wanaowekewa donge hili hupatwa kidogo zaidi na yale maumivu makali ya shimo la jino kubaki tupu bila damu iliyoganda. Aliyewahi kuyapata anajua. Hata uzazi unaufikiria upya. Kwa skrubu ya titaniamu, zipo tafiti zinazoonesha inashika kidogo zaidi katika wiki za mwanzo, na wiki hizo ni muhimu, kwa sababu mfupa wa zamani unakuwa unalika na mpya bado haujakomaa. Lakini miezi ikipita tofauti huwa ndogo au haionekani. Na kwenye kujenga mfupa mpya, khasa kule juu chini ya uwazi wa pua, ukichanganya unga na donge au ukitumia unga peke yake, mwisho wa safari mara nyingi mnakutana mahali pamoja.

Donge linayeyuka ndani ya wiki mbili hivi. Mfupa unahitaji miezi minne, sita. Kwa akili ya kawaida tu, kitu cha wiki mbili hakiwezi kusimamia jengo la miezi sita peke yake. Kinaweza kuanzisha kazi vizuri, na hilo si dogo. Ila asiyekuwa na mfupa hatajengewa mfupa kwa damu tupu.

Tena kumbukeni titaniamu inashikana na mfupa kwa hali yake. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua hilo mwaka 1952 akifanya utafiti kwa sungura, na mwaka 1965 akampandikiza mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson. Bwana huyo aliishi na skrubu zake mpaka alipofariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40, na wakati ule hakuna aliyekuwa akizungusha damu kwa ajili ya meno. Kwa hiyo ukiambiwa bila ya damu jino halitashika, hapo pana uuzaji. Ukiambiwa kidonda kitapona kwa raha zaidi na huenda kikakusaidia wiki za mwanzo, hapo pana ukweli.

Na bei? Mashine ipo, mirija ni mipya, muuguzi ana kazi yake, walipwe. Sina ugomvi na hilo. Lakini laki mbili na nusu kwa ahadi isiyokuwepo ni fedha ya ada ya mtoto. Mama anayebana matumizi ya nyumbani miezi minane ili apate jino moja ana haki ya kuambiwa kipi ni lazima na kipi ni ziada. Nimeona akina mama wanaoacha kusafishwa fizi, kazi ya fedha kidogo, ili walipie damu. Hapo tumepindua sufuria tukapika juu ya kifuniko.

Maana yanayoangusha meno haya ni mambo tunayoyajua. Sukari isiyodhibitiwa. Sigara, na akina mama wenzangu mnaojificha nyuma ya nyumba na shisha, nanyi mumo. Fizi zinazotoka damu kila ukipiga mswaki. Hakuna donge la kuyashinda hayo. Kama una kisukari, peleka kwanza kipimo chako cha miezi mitatu, kisha ndiyo mzungumze skrubu.

Lipo jingine linalotuhusu sisi wanawake zaidi ya wanaume, na sijui kwa nini halisemwi. Tukifika umri wa kukoma hedhi mifupa huwa myepesi, na wengine huandikiwa dawa za kuikaza, kama alendroneti, au wale wenye saratani ya matiti huchomwa sindano za aina hiyo. Dawa hizi zinaweza, kwa wachache, kufanya mfupa wa taya ufe baada ya kung'oa jino au kupasuliwa. Yule yule Robert Marx wa plazima ndiye aliyetoa tahadhari ya mwanzo juu ya jambo hili mwaka 2003. Hatari kwa vidonge ni ndogo, kwa sindano ni kubwa zaidi. Usiziache kwa kujiamulia, lakini usikae kwenye kiti cha dokta wa meno bila ya kuzitaja. Vivyo hivyo dawa za kulainisha damu. Mwili unaozuiwa kugandisha hautoi donge zuri.

Safari ya pili nilikwenda kwa daktari mwingine, mwanamke. Kabla sijakaa nikamwambia: nataka kuona viboksi. Hakukasirika. Alivitoa, akanisomea, akanionesha unga wa kiwandani na akaniambia wazi kwamba kwa pengo langu unatosha, ila utachukua muda. Nikamuuliza damu. Akasema, "Itakusaidia ufizi ufunge, na utaumwa kidogo. Mfupa siwezi kukuahidi." Nikamlipa kwa jibu lile. Nilitaka anifungulie mrija mpya mbele ya macho yangu, akaufungua, na sindano pia. Hili msione haya kulidai, maana homa ya ini haina muhali. Hakuweka utando wa mnyama. Alifunika kwa donge langu mwenyewe, akashona.

Nilimwomba isiwe Ramadhani, kwa sababu ya vidonge vya mchana na ule udamu damu unaoweza kuumeza bila kutaka. Tukafanya mwezi wa Rajab. Siku mbili uso ulivimba kiasi, ya tatu nilikunywa uji wa mtama, ya tano nikapika mwenyewe. Miezi mitano baadaye skrubu ikaingia, na mingine minne jino likakaa. Kwa kipande cha nyama ya kuchoma bado nahesabu mpaka tatu kabla sijang'ata, ni mazoea tu.

Shangazi alikuwapo siku zote hizo. Wiki iliyopita amemrudishia muuza duka la dawa chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki, akamwambia amsomee kwanza lile ganda la nje limetengenezwa na nini.